Mabati Niliyompelekea Mama Mkwe

Vijana wangu mnaojifunza kuezeka, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie mambo ya kazi, na nimekubali, ila sitaanza na vipimo. Vipimo vimo katika madaftari yenu. Nitaanza na jambo lililokuwa likinichekesha kila siku nikiwa juu ya paa. Mzungu mwenye nyumba ya matofali kwao, yenye vigae juu na moto wa kuota ndani, alikuwa akipanda ndege safari ndefu ili aje Malindi alale chini ya majani ya mnazi. Na mimi niliyezaliwa chini ya majani ya mnazi nilikuwa nikimwezekea Mzungu huyo tangu asubuhi hadi alasiri, huku moyoni nikiota mabati. Kila mmoja wetu alimwonea mwenzake wivu, na kila mmoja alidhani mwenzake ana kasoro kidogo kichwani.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Hoteli zilikuwa zikiota ufuoni Malindi kama uyoga, na kila mwenye hoteli alitaka paa la makuti, refu, la kuonekana tangu barabarani. Fundi wa makuti alikuwa mtu mbele ya watu. Nilikuwa na redio ya kaseti, na nilikuwa na viatu vya ngozi ambavyo sikuweza kuvivaa kazini, kwa sababu juu ya paa hupandwa miguu mitupu. Basi nilivivaa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na mchana kutwa vilikaa chini ya ngazi vikinisubiri.

Kwa asiyejua, kuti la kuezekea si jani lililokatwa likarushwa juu. Ni majani ya mnazi yaliyolowekwa, yakakunjwa moja moja juu ya kijiti, kisha yakashonwa kwa utepe wa jani lenyewe. Wanaoshona ni wanawake, wanaopanda juu ni wanaume, na sifa, kama ilivyo desturi, humwendea aliye juu.

Aliyenifundisha ni Mzee Karisa wa Junju, mtu mfupi wa maneno machache. Alipima nafasi kati ya kuti na kuti kwa vidole vyake vinne. Tatizo ni kwamba vidole vyake vilikuwa vinene na vyangu vyembamba. Paa langu la kwanza lilimeza makuti mengi mno, na aliponitembelea akasimama chini, akalitazama, akauliza, "Charo, unaezeka nyumba au unaivisha koti?" Tangu siku hiyo nilitembea na kijiti kilichokatwa kwa kipimo cha vidole vyake. Nanyi msione haya kutembea na vidole vya mwalimu mfukoni.

Hoteli tuliyoifanyia kazi mimi na Mzee Karisa wakati huo ilikuwa ya Mtaliano mmoja mwenye tumbo kubwa na moyo mzuri. Kiswahili chake kilikuwa neno moja tu, "bado". Kila asubuhi alikuja chini ya ngazi akauliza, "Bado?" Nasi tulimjibu, "Bado." Tukampa jina Bwana Bado, na nadhani alilipenda, maana aliliitikia.

Paa la ukumbi wa kulia lilipokamilika, wadudu wakaingia. Ni vijidudu vinavyotoboa fito, na unga wake hudondoka mchana kutwa. Ukadondoka kwenye supu ya wageni. Bwana Bado akaniita, akanionyesha sahani, kisha akanyoosha kidole juu. Hakuhitaji neno la pili.

Nikakumbuka jiko la mama mkwe wangu kule Jilore. Paa lake lilikuwa jeusi kwa masizi, limeishi kuliko ndoa yangu, na hakuna mdudu aliyethubutu kulisogelea. Moshi ni dawa ya makuti. Hilo liandikeni, ni kweli hata leo. Basi asubuhi moja nilipoona wageni wameshuka baharini, nilikusanya makumbi ya nazi yenye unyevu, nikayapanga ndani ya mabeseni katikati ya ukumbi, nikayawasha. Moshi ulitoka vizuri sana. Ulitoka vizuri hata ukaonekana kutoka majini.

Wageni walikuja mbio, mmoja amebeba kindoo cha mtoto chenye mchanga, mwingine akikimbia na mapezi ya mpira miguuni, anaanguka na kuinuka. Mpishi alimwaga sufuria nzima ya supu juu ya makumbi. Bwana Bado alizunguka ukumbi akipiga kelele "Bado! Bado!" kwa sababu hakuwa na neno jingine. Hakuna kilichoungua, na wadudu walikufa wote. Lakini hoteli ilinuka samaki mkavu juma zima, nami nikateremshwa kutoka juu ya paa, nikapewa kazi ya kuzunguka na gari la hoteli mashambani kukusanya makuti kwa washonaji.

Adhabu hiyo ndiyo iliyonipeleka uani kwa mama mkwe kila juma.

Hapa itabidi niwaeleze jambo, maana nyinyi wa leo mnawapigia mama wakwe zenu simu na kuwatumia vichekesho. Kwetu Wagiriama mkwe, au mtsedza kama tunavyomwita, ni wa kuheshimiwa. Mwanamume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe wake, hata kama kuna nyoka ndani. Familia nyingi ziliishia hapo, watu wakasalimiana na kuongea kama kawaida. Mama Kadzo, mzazi wa mke wangu Kadzo na bibi wa mwanetu Sidi, hakuishia hapo. Alikuwa mjane wa mtindo wa zamani. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kutaja jina langu, wala kuniambia neno moja kwa moja zaidi ya kuitikia shikamoo. Tulizungumza kupitia kwa Kadzo, ambaye alishinda pale kwa mama yake akishona naye, kwa kuwa nyumba yetu haikuwa mbali. Tulikaa hatua tatu mbalimbali, naye akasema, "Kadzo, muulize mgeni kama barabara ni mbaya." Nami nikasema, "Kadzo, mwambie mama ni mbaya kiasi." Kadzo hakuwa na haja ya kurudia. Lakini ilibidi awepo, na siku akienda kuteka maji tulikaa kimya kama watu wanaomngoja daktari.

Mama Kadzo alikuwa mshonaji hodari kuliko wote tuliokuwa tukichukua makuti kwao. Kuti lake ulilijua kwa kulipapasa tu, mishono ya karibu, jani limekaa mahali pake. Siku ya kwanza ya adhabu yangu nilikuta godoro lake limeanikwa nje. Juma lililofuata nikalikuta tena. Nikainua macho kutazama nyumba yake, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kama fundi. Paa lilikuwa limeoza, limebonyea katikati. Mshonaji hodari alikuwa akilowa kitandani mwake, kwa sababu kila kuti zuri aliloshona liliondoka na gari letu kwenda kumfunika mgeni. Na mkwewe alikuwa fundi wa makuti. Tena fundi wa kujisifu!

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angechukua makuti, angepanda juu, na siku tatu baadaye kazi ingekuwa imekwisha. Mimi nikasema, hapana, mama mkwe wangu hawezi kuezekewa majani kama mtalii. Nitamwekea mabati. Nikauza redio ya kaseti, nikajinyima hiki na kile, na siku mabati yalipofika Jilore juu ya gari, yakimeremeta, majirani walitoka majumbani wakapiga vigelegele. Nilivaa viatu siku hiyo hadi nilipofika kwenye ngazi.

Tatizo ni kwamba mimi na bati hatukuwa tunajuana. Bati lina migongo na mabonde. Msumari hupigwa mgongoni, ili maji yapite bondeni kwa raha zao. Hilo kila mmoja wenu analijua kabla hajamaliza mwezi wa kwanza. Mimi, niliyezoea kufunga kamba pale kuti linapolala juu ya ufito, niliona bonde ndilo lililolala vizuri juu ya mbao, nikapiga misumari bondeni. Yote, kwa mistari iliyonyooka, ya kupendeza. Tena upande wa chumba cha kulala ndio nilioanza nao, nikiwa bado najifunza, na misumari mingi ilinipinda. Nikaing'oa, nikapiga mingine kando, na matundu nikayaacha.

Mzee Karisa alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna fundi wake aliyeruhusiwa kuivunja. Ukimaliza kuezeka, ingia ndani saa sita mchana, funga milango na madirisha, tazama juu. Pakiwa giza, umemaliza. Ukiona nyota, rudi juu. Nami siku hiyo niliingia sebuleni, nikafunga mlango, nikaona giza safi. Lakini chumba cha kulala cha Mama Kadzo? Niingie? Afadhali ningeanguka kutoka juu nikavunjika mguu. Nikatoka nje nikasema, "Kadzo, mwambie mama kazi imekwisha."

Mama Kadzo alitoka, akakinga macho kwa mkono, akatazama juu kwa muda.

"Kadzo," akasema, "mwambie mgeni ahsante sana. Yanang'aa."

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Haikunipitikia akilini hata kidogo kwamba kati ya sifa zote ambazo paa linaweza kupewa, hiyo ndiyo pekee aliyoweza kuipata.

Masika yalipoanza nilikuwa nimeshasamehewa, niko tena juu ya paa hotelini. Asubuhi moja Mzee Karisa alifungua mzigo wa makuti kutoka Jilore, akainama, akanusa.

"Haya yamelala jikoni," akasema.

"Haiwezekani, mzee. Mama mkwe hushonea barazani."

"Basi nusa wewe, bingwa wa moshi."

Nikanusa. Yalinuka masizi. Jumamosi nilipofika nyumbani nilimuuliza Kadzo, naye alikuwa akikuna nazi. Aliikuna ile nazi hata pasibaki kitu cha kukuna, kikabaki kifuu, naye akaendelea.

"Kadzo."

"Mama analala jikoni," akasema. "Tangu mvua ya kwanza. Kitanda, godoro, makuti yake, vyote viko huko. Ndani kunavuja juu ya mto wake. Jua likiwaka, chumba ni tanuri. Mvua ikinyesha, anasema ni kama kulala ndani ya ngoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, mtsedza wangu ameuza redio yake kwa ajili yangu, nitaanzaje kusema siwezi kulala?" Kisha akaweka mbuzi ya kukunia kando, akaniambia lile lililoniuma. "Anakohoa, Baba Sidi. Anakohoa vibaya."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Ule moshi niliousifu kuwa dawa ya makuti haukuwa dawa ya kifua cha mwanamke mzee. Jilore nzima ilijua isipokuwa mimi, na wote walinyamaza kwa heshima. Yeye alinyamaza kwa kuniheshimu, na mimi sikukagua chumba kwa kumheshimu, na heshima zetu zote mbili zilikuwa zimemlaza mama wa watu kando ya majivu. Kikohozi kile kingeweza kumwondoa, nami ningebaki na mabati yanayong'aa.

Lakini nimwambieje? Nikisema yanavuja, nimefichua kwamba Kadzo ametoa siri. Nikiyang'oa bila neno, nimemnyang'anya mama mkwe zawadi mbele ya majirani waliopiga vigelegele. Nilifikiri kutwa nzima, na mwisho nikaamua kusema uongo.

Jumapili tulikaa barazani, hatua tatu zetu zile zile. Mama Kadzo alikuwa akishona na kukohoa, kukohoa na kushona. Nikasema, "Kadzo, mwambie mama hotelini tunataka kujaribu mtindo mpya wa kuezeka makuti, wenye mwinuko mkali zaidi. Tunaogopa kumharibia Bwana Bado mali yake. Tunatafuta nyumba ya kujaribia. Kama mama hatajali."

Mama Kadzo hakuinua macho. Alishona mshono, akashona mwingine. Alikuwa ameshona makuti tangu kabla sijazaliwa, na alijua hakuna mtindo mpya wowote. Alijua na mimi nilijua kwamba anajua.

"Kadzo," akasema, "mwambie mgeni tusimharibie mtu hoteli yake. Ajaribu hapa. Lakini akijaribu, ajaribu kwa makuti yangu."

Basi akaanza kujishonea mwenyewe. Wenzake wakaja kumsaidia, na kicheko chao nilikisikia tangu njiani. Walikuwa wakishona kwa ajili ya hoteli ambazo hawakuwahi kuingia, mwaka baada ya mwaka, na sasa walikuwa wanashona kwa ajili ya mto wa mwenzao. Majuma mawili gari la hoteli liliondoka kwa Mama Kadzo tupu. Bwana Bado aliuliza, "Bado?" nasi tukamjibu "Bado" kwa furaha hata akashangaa.

Mabati hatukuyatupa. Tuliyahamishia kwenye zizi la mbuzi, safari hii misumari ikiwa mgongoni, na matundu ya zamani nikayaziba kwa lami. Chini ya ukingo nikaweka pipa. Hapo bati likaonyesha kazi yake, maana maji yanayotoka kwenye makuti yana rangi ya chai, lakini ya bati ni ya kunywa. Masika yale Mama Kadzo hakuteremka mtoni tena. Wapita njia walicheka kuona mbuzi wanaishi ndani ya mabati na mwenye mbuzi ndani ya majani. Mzee Karisa alipoona alisema mbuzi wa Jilore wameendelea.

Mwalimu wenu alitaka niwaeleze mtu atafurahije katika maisha haya ya kisasa yanayopingana yenyewe kwa yenyewe. Mimi falsafa siiwezi. Najua kwamba bati si adui, na makuti si ibada. Mgeni hakuwa mjinga kupenda majani, wala mimi sikuwa mjinga kutamani bati. Ujinga wangu ulikuwa kumwezekea mtu kwa ndoto zangu bila kumuuliza anayelala ndani. Muulizeni anayelala ndani. Akiwa mama mkwe, tafuteni njia ya kumuuliza.

Siku ya mwisho ya kazi ile ilifika. Niliezeka mwenyewe, kuti kwa kuti, kutoka ukingoni kwenda juu, na kijiti changu cha vidole vya Mzee Karisa. Saa sita mchana nilikuwa nimepanda mgongo wa paa, jua utosini, na kanuni ikasimama mbele yangu tena. Nani ataingia kutazama? Nikafungua kinywa kumwita Kadzo, aliyekuwa uani akipakua chakula. Kabla sijasema nilimwona Mama Kadzo akichukua ufito mrefu uliobaki, akapita chini yangu bila kuinua kichwa, akaingia ndani. Nikasikia mlango unafungwa. Kisha dirisha.

Halafu kando ya goti langu ikachomoza ncha ya ufito, ikachezacheza. Mama Kadzo alikuwa gizani mle ndani, akichokoa kila mahali alipoona nyota. Nikasukuma kuti, nikakaza kamba, ncha ikatoweka. Ikachomoza kushoto, nikaenda kushoto. Ikachomoza chini karibu na ukingo, nikajiburuta hadi ukingoni. Tulifanya kazi hivyo kwa muda mrefu, yeye chini na mimi juu, na sidhani nimewahi kuongea na mtu tukaelewana namna ile. Mara moja alichokoa mahali ambapo hapakuwa na tundu hata la sindano, na nikasikia kicheko kidogo chini ya majani. Nimeezeka kumbi ambazo watu walipigwa picha wakizishangaa, lakini juu ya nyumba ile ya vyumba viwili ndipo nilipojua kwa nini nilipenda kazi hii. Nilifurahi hata nikaogopa kusogea.

Ufito haukutokea tena. Nikangoja. Nikasikia anakohoa kidogo. Kisha kutoka ndani, chini ya miguu yangu hasa, sauti ikasema:

"Charo."

Kule uani Kadzo aliangusha upawa. Mimi sikuitika. Nilidhani anaitwa Charo mwingine.

"Charo! Humu ni giza tupu. Shuka ule, mwanangu, sima inapoa."

Nilishuka upande usiokuwa na ngazi.